Mbuni wa Msituni na Ugonjwa wa Mnyauko

Mgeni anayeingia katika nyumba ya Mhaya, mkoani Kagera, huenda akaletewa kikapu kidogo chenye buni kavu kabla hajamaliza kueleza habari za safari yake. Hapewi kahawa ya kunywa, bali buni za kutafuna. Buni hizo zilichumwa zingali changa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa bila kuondolewa ganda la nje. Wenyeji huziita akamwani. Hapo kale watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walitwaa tunda moja la buni lenye punje mbili. Kila mmoja alipokea punje iliyotiwa damu ya mwenzake, akaimeza. Desturi kama hiyo ilikuwapo Buganda pia. Kwa hiyo watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria waliujua mbuni, wakautunza na kuuheshimu, muda mrefu kabla kahawa haijawa zao la kuuzwa ng’ambo.

Mbuni huo siyo ule wa miteremko ya Kilimanjaro. Wa Kilimanjaro ni arabika, ambao asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na maeneo jirani. Wa Kagera ni robusta, ambao wataalamu wa mimea huuita Coffea canephora. Huu ni mmea wa msituni hasa. Makao yake ya asili ni misitu yenye joto na mvua inayoanzia Guinea, Afrika ya Magharibi, ikapita bonde la mto Kongo na kufika Uganda na kingo za magharibi za Ziwa Viktoria. Katika misitu ya Uganda, kama vile Kibale na Mabira, mbuni huu bado huota wenyewe chini ya miti mikubwa, bila kupandwa na mtu.

Umbo na tabia

Mbuni wa robusta ni wa jamaa moja na mti wa kwinini. Ukiachwa bila kukatwa huweza kufikia mita 10, lakini shambani hauruhusiwi kurefuka hivyo. Majani yake huota mawiliwili yakielekeana. Ni mapana, ya kijani kilichokoza, yenye kung’aa na mikunjo ya mawimbi, na ni makubwa kuliko ya arabika. Maua ni meupe, yamesongamana kwenye vifundo vya matawi, na harufu yake hukumbusha asumini. Kwa kawaida maua hungoja mvua inyeshe baada ya siku za ukavu. Kisha yote hufunguka karibu kwa pamoja, na baada ya siku moja au mbili huanza kunyauka. Tunda huchukua muda wa miezi kumi hivi hadi kuiva. Likishaiva halidondoki upesi kama la arabika, bali hubaki mtini, jambo linalompa mchumaji nafasi ya kungoja.

Mizizi mingi ya mmea huu imetambaa karibu na uso wa ardhi. Msituni jambo hili ni la manufaa, kwa sababu chakula cha mimea hutoka katika majani yanayooza juu ya udongo. Shambani ni udhaifu, maana udongo ukiachwa wazi jua huunguza mizizi hiyo, na jembe huikata.

Kuna tabia mbili za mbuni ambazo kila mkulima anapaswa kuzielewa vema, kwani mengi yaliyo katika kilimo chake hutokana nazo.

Ya kwanza inahusu matawi. Mbuni una mashina yanayokwenda juu na matawi yanayokwenda pembeni, na aina hizo mbili hazibadilishani kazi. Kipande kilichokatwa kutoka chipukizi la wima kikioteshwa huwa mmea wa wima. Kipande cha tawi la pembeni nacho chaweza kutoa mizizi, lakini mmea wake hautasimama. Utatambaa chini maisha yake yote kana kwamba ungali tawi. Watu wengi walioanza kuotesha vipande bila kufundishwa wamepoteza mwaka mzima kwa kutojua jambo hili.

Ya pili ni kwamba mbuni wa robusta haujizalishi wenyewe. Chavua ya ua ikilitua ua la mmea uleule, huanza kuotesha mrija mwembamba wa kushuka kwenye yai la ua, lakini mrija huo huzuiwa njiani, na tunda halipatikani. Hapana budi chavua iletwe na upepo au wadudu kutoka mbuni mwingine usio sawa nao kwa urithi. Arabika sivyo: ua lake huweza kujichavusha, na mara nyingi hufanya hivyo. Ndiyo maana shamba la arabika lililopandwa kwa mbegu hufanana, ilhali katika shamba la robusta lililopandwa kwa mbegu kila mmea una tabia yake. Mmoja huzaa sana, jirani yake huzaa haba. Huu una punje kubwa, ule ndogo. Mmoja umesimama, mwingine umejitandaza. Nchini Uganda wakulima walizitenga tangu zamani aina mbili kwa umbo, ile ya kutanda iitwayo Nganda na ile ya kusimama iitwayo Erecta. Wanunuzi wa kahawa hawakuipenda hali hii ya mchanganyiko. Baadaye itaonekana kwamba ndiyo iliyowaokoa wakulima.

Ifahamike pia kwamba mbuni wa arabika wenyewe ni mtoto wa robusta. Seli za robusta zina kromosomu 22. Za arabika zina 44. Uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba arabika ilitokana na kuchanganyika kiasili kwa robusta na mbuni mwingine wa porini, Coffea eugenioides, unaoota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati. Basi kahawa inayosifiwa zaidi ulimwenguni imezaliwa na ile isiyosifiwa.

Kutoka Kongo hadi Java

Jina la robusta halikutoka kwa wataalamu wa mimea. Lilitolewa na wafanyabiashara wa miche wa Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya ishirini, walipokuwa wakiuza mimea iliyoletwa kutoka Kongo. Walitaka kuwaambia wateja kwamba mmea huu ni shupavu. Wateja walikuwa na sababu ya kusikiliza. Mwaka 1869 kuvu wa kutu ya majani alitambuliwa huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Katika miaka michache mashamba ya arabika ya kisiwa hicho yaliangamia, na wenye mashamba wakageukia chai. Kutu ilienea hadi Java. Waholanzi waliotawala Java walijaribu aina nyingine za kahawa, nazo hazikudumu. Ndipo walipoagiza robusta. Mmea huo wa misitu ya Kongo uliistahimili kutu, ukazaa sana, na ukakubali kuota katika nchi za chini zenye joto. Kutoka hapo ulisambaa katika Asia. Leo robusta ni kama mbili ya tano ya kahawa yote ya dunia, na nchi inayoongoza kwa kuizalisha ni Vietnam, mahali ambapo mmea huu haukuwapo kabisa kwa asili.

Buhaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko mbuni haukuletwa na meli. Ulikuwa umeshatoka msituni na kuingia katika kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kibanja ni kama msitu uliopunguzwa: juu kuna miti michache mirefu, baadhi yake ya jamaa ya mkuyu ambayo gome lake lilitengenezewa mavazi, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa maharage, magimbi na nyasi zilizotandazwa. Kivuli, unyevu na mboji vilivyokuwa msituni mbuni huvipata hapo. Mjini Bukoba mvua hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na ziwa huzuia joto lisipande sana wala kushuka sana.

Zama za watawala wa jadi, waitwao bakama, kahawa ilikuwa mali yenye heshima, na upandaji wake haukuwa huru kwa kila mtu. Wajerumani walipojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na hasa baada ya reli na meli za ziwani kuanza kazi, kahawa iligeuka kuwa zao la fedha. Serikali ya Kiingereza iliyofuata ilitunga sheria za kuwaelekeza wakulima namna ya kuitunza. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga sheria hizo kwa ghasia. Wataalamu wa wakati ule waliona ni ukaidi. Lakini mkulima aliyerithi kibanja kutoka kwa babu yake, na kukiona kikizaa miaka yote, hakuwa mjinga alipotaka aelezwe kwanza kabla ya kuamriwa.

Mnyauko

Ushupavu uliotangazwa na wafanyabiashara wa Brussels una mpaka wake. Mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulionekana ugonjwa wa kunyausha mibuni. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliharibu mashamba mengi ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Ulidhibitiwa kwa kung’oa mimea na kwa kupanda iliyo na kinga, ukasahaulika. Katika miaka ya 1970 ulizuka tena huko Kongo. Mwaka 1993 ulithibitishwa Uganda, na mwaka 1997 ukaonekana Kagera. Nchini Uganda, katika muda wa miaka kumi hivi, karibu nusu ya mibuni yote ya robusta ilikufa. Kwa familia ambayo ada za shule, mabati ya nyumba na dawa vyote hulipwa kwa kahawa, mbuni uliokauka si hasara ya msimu mmoja. Mche mpya huhitaji miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana.

Kisababishi ni kuvu wa jamii ya fuzari, na ndiyo sababu wataalamu huuita mnyauko fuzari. Kuvu huyu huingia kwa kupitia jeraha, aghalabu kwenye shina karibu na ardhi au kwenye mizizi. Akishaingia hukaa ndani ya mishipa inayopandisha maji na kuiziba. Mmea hufa kwa kiu hata kama udongo umelowa. Dalili huanza mara nyingi upande mmoja: majani hugeuka manjano, hujikunja, hukauka na kupukutika, buni changa huwa nyekundu kabla ya wakati, kana kwamba zimeiva. Mkulima asiyejua huzifurahia. Gome likikwanguliwa kwa kisu karibu na ardhi, mti wa ndani huonekana una michirizi ya rangi ya samawati iliyochanganyika na nyeusi. Hiyo ndiyo dalili ya hakika. Mbuni mkubwa huweza kufa katika miezi michache, na ni nadra kupona.

Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya mmea ulioambukizwa, kwa kuwa adui yumo ndani ya mishipa. Linalowezekana ni kuzuia usienee. Mmea mgonjwa hung’olewa na kuchomwa palepale uliposimama. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mti wa mbuni ni mgumu na ni kuni nzuri sana. Katika nchi yenye uhaba wa kuni, ni vigumu kumwambia mama mwenye jiko auteketeze shambani bure. Kwa hiyo mibuni iliyokufa imekuwa ikiburutwa kati ya mibuni mizima, ikapangwa nyuma ya nyumba na hata kuuzwa vijiji vya mbali, huku vimelea vikiwa chini ya gome lake. Panga na jembe navyo hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Chombo kilichotumika kwenye mmea mgonjwa hakina budi kupitishwa motoni kabla ya kugusa mwingine. Magugu yaliyo karibu na shina yang’olewe kwa mkono, na udongo ufunikwe kwa matandazo ili jembe lisihitajike hapo. Shimo lililotolewa mbuni mgonjwa lisipandwe kahawa tena mapema. Muda wa mwaka mmoja ni wa tahadhari inayofaa.

Jambo moja lilijitokeza katika vijiji vingi vilivyoshambuliwa. Baadhi ya vibanja vilivyopoteza mibuni mingi vilibaki na miwili au mitatu iliyosimama ikiwa ya kijani. Mingine ilikuwa imebahatika tu kutofikiwa. Lakini mingine ilifikiwa na haikufa. Tofauti zile za urithi, zinazotokana na mbuni kukataa chavua yake wenyewe, zilikuwa zimeficha ndani yake kinga ambayo hakuna aliyeitafuta hapo awali. Kinyume chake, aina chache bora zilizokuwa zimechaguliwa Uganda kwa wingi wa mavuno na kugawiwa wakulima kabla ya ugonjwa hazikuonyesha kinga ya kutosha. Zilichaguliwa kwa ajili ya uzito wa gunia wakati ambapo mnyauko haukuwapo akilini mwa mtu.

Kazi ya watafiti ilikuwa kutenganisha bahati na kinga. Mimea iliyosalimika ilioteshwa kwa vipande, na miche yake ikaambukizwa makusudi, kwa kuchovya mizizi katika maji yenye mbegu za kuvu au kwa kuchanja shina; kisha ikangojwa kwa miezi. Mingi ilikufa. Iliyobaki ilipandwa mashambani na kupimwa tena, safari hii kwa mavuno na ladha. Uganda ilipata kwa njia hiyo aina zinazojulikana kwa herufi KR. Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, yenye makao yake Lyamungu mkoani Kilimanjaro na kituo kidogo Maruku karibu na Bukoba, ilitoa aina nne za robusta zenye kinga: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Kuotesha na kupanda

Aina hizo haziwezi kuenezwa kwa mbegu. Kwa kuwa mbegu ya robusta daima ina wazazi wawili tofauti, mtoto hatakuwa sawa na mama yake, na kinga yaweza kupotea. Hivyo hutumika vikonyo, yaani vipande vya chipukizi. Kwenye bustani mama mibuni huinamishwa ili itoe machipukizi mengi ya wima. Chipukizi lisilo changa sana wala gumu sana hukatwa vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na kifundo. Majani yake hukatwa nusu ili maji yasipotee. Vipande huchomekwa katika mchanga au udongo laini ndani ya sanduku lililofunikwa kwa karatasi ya plastiki, chini ya kivuli, na unyevu hutunzwa kila siku. Baada ya miezi miwili au mitatu mizizi hutoka. Miche huhamishiwa katika vifuko, huzoezwa jua kidogo kidogo, kisha hupandwa mwanzo wa mvua.

Shimo la sentimita 60 kila upande huchimbwa mapema, udongo wa juu ukawekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyooza. Robusta ikipandwa peke yake nafasi ya mita 3 kwa 3 inatosha. Ndani ya kibanja huongezwa ili mgomba nao upate haki yake. Mkulima asipande aina moja tu hata kama jirani ameisifu. Vikonyo vya aina moja ni kama mmea mmoja uliogawanywa, havichavushani. Shamba zima laweza kuchanua vizuri na kutoa buni haba. Aina tatu au nne zikichanganywa katika mistari, kila ua litapata mwenzake. Zaidi ya hayo, kuvu hubadilika, na shamba la aina moja likishindwa hushindwa lote.

Mbuni huachiwa mashina matatu au manne. Machipukizi ya ziada huondolewa yangali laini, na matawi yaliyokwisha kuzaa hukatwa. Shina likizeeka hukatwa kwa mshazari, kama sentimita 30 kutoka ardhini, ili maji ya mvua yasituame juu ya kidonda. Machipukizi mapya huchaguliwa kuwa mashina. Kuna mdudu mdogo mweusi anayetoboa vitawi na kuvikausha, ambaye naye amekuwa kero Uganda na Kagera. Vitawi vilivyotobolewa hukatwa na kuchomwa bila kungoja.

Buni zichumwe zikiwa nyekundu tu, zikaushwe juu ya vichanja au mikeka wala si ardhini, na zigeuzwe kila siku hadi zilie kama njuga zikitikiswa. Ushauri huu ni rahisi kuutoa. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ikingali maua, kwa bei ndogo, kwa utaratibu unaojulikana Kagera kwa jina la butura. Na aliyeinunua ikiwa mtini huichuma haraka, mbivu na mbichi pamoja. Kosa la ladha linaloonekana katika kikombe mara nyingi lilianzia kwenye deni.

Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na ladha yake ni nzito na chungu zaidi. Hutumiwa sana katika kahawa ya kuyeyuka, kama ile inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba, na huchanganywa na arabika ili kinywaji kiwe na nguvu na povu. Maganda yake hurudishwa shambani kuwa matandazo, isipokuwa yatokayo kwenye mashamba yenye mnyauko.

Mbuni mkongwe uliosalimika katikati ya iliyokufa, hata kama hauzai sana, usikatwe kupisha miche mipya kabla afisa wa kilimo hajauona. Kipande kimoja cha chipukizi lake la wima, kikifungwa katika majani ya mgomba yaliyoloweshwa, huweza kufika Maruku siku hiyo hiyo kikiwa hai.